Kwa nini samaki hufa katika maji maangavu ya tangi jipya la bahari?

Mtu anayetaka kuweka tangi dogo la matumbawe sebuleni hupewa na wazoefu agizo ambalo, likisikika mara ya kwanza, hufanana na mzaha. Huambiwa ajaze maji ya chumvi, apange mawe na mchanga, awashe pampu na hita, kisha asitie samaki hata mmoja kwa muda wa wiki nne hadi sita. Badala yake atie kipande cha kamba mbichi wa baharini na kukiacha kioze humo humo. Swali linalofuata ni la haki kabisa: inakuwaje maji yasiyo na uozo wowote yawe hatari kwa samaki, na maji yaliyoozeshewa kamba yawe salama?

Mimi nilipoanza nilikuwa na hakika kwamba agizo hilo liliandikwa kwa ajili ya watu wa bara, wanaolazimika kukoroga chumvi ya pakiti ndani ya ndoo. Mimi nilikaa karibu na ufuko. Nilichota madumu matatu ya lita 20 wakati maji yamejaa, nikayachuja kwa kitambaa, nikayamimina katika tangi la lita 60, na jioni ile ile nikatia samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wanaoishi ndani ya anemoni. Siku ya nne walikuwa wamepanda karibu na uso wa maji, wakihema haraka haraka huku matamvua yao yakiwa mekundu kuliko kawaida. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililowekwa nyuma ya tangi. Siku ya sita wote wawili walikuwa wamekufa.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya maji ya bahari na bahari yenyewe. Nilidhani dumu la maji ya bahari ni kipande cha bahari, kama kipande cha mkate kilivyo mkate, na kwamba pamoja na maji nilikuwa nimebeba kila kiumbe kinachoyafanya yakalike. Kumbe katika mwamba wa matumbawe kazi ya kuondoa uchafu wa samaki hufanywa zaidi na mchanga, mawe yenye vitundu, sponji na ngozi ya matumbawe yenyewe, huku mkondo ukichukua kilichosalia na kukitawanya katika maji mengi yasiyo na kipimo. Dumu langu halikuchukua chochote kati ya hivyo. Lilichukua maji matupu, na ya kiwango kidogo mno.

Kosa la pili lilikuwa kuamini macho. Samaki hula protini, na nitrojeni anayoibakiza huitoa kama amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki chini nacho kikioza hutoa amonia hiyo hiyo. Kwa viwango vinavyoua samaki, amonia haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, kwa hiyo uangavu wa maji hausemi lolote kuihusu. Tena, maji ya bahari huikuza hatari. Amonia huwa katika sura mbili zinazobadilishana: moja yenye chaji, ambayo hupita kwa shida katika ngozi ya matamvua, na nyingine isiyo na chaji, ambayo hupenya kwa urahisi na ndiyo sumu kali. Kila pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inapopanda kwa kizio kimoja, sehemu ya ile ya sumu huongezeka karibu mara kumi. Tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 katika sura hiyo, ilhali maji ya bahari yana pH ya takriban 8.1 hadi 8.3. Kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekivumilia kinaweza kummaliza wa baharini.

Kosa la tatu linanifanya nione haya zaidi. Siku ya tatu niligundua kwamba sifongo ya kichujio imeanza kuwa na utelezi, nikaitoa nikaisugua chini ya bomba la maji yenye klorini mpaka ikarudi ilivyokuwa dukani. Kwa umri wa siku tatu, utelezi ule haukuwa na wingi wa viumbe ninaokusudia kuwaeleza, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kuusugua ndiko kulikowaua samaki. Lakini laiti ningeendelea na tabia hiyo, viumbe hao wasingepata nafasi ya kushika hata baada ya mwaka.

Viumbe wenyewe ni bakteria, na jamaa zao wa mbali waitwao arkea, ambao hujipatia nguvu kwa kuunguza amonia kwa oksijeni. Huishi wakiwa wameganda juu ya kitu kigumu, maji yakiwapitia na kuwaletea chakula. Wafugaji wanaogandisha maziwa katika kibuyu wanalijua jambo hili bila darubini. Kibuyu kipya kikitiwa maziwa, hujui yatakavyotoka; kibuyu kilichotumika kwa miezi hugandisha kwa uhakika, kwa sababu vijidudu vya maziwa yaliyotangulia vimejishika katika kuta zake. Mimina maziwa yote, tia mengine, kazi itaendelea, kwa kuwa mafundi wa kutosha walibaki ukutani. Tangi la samaki ni kibuyu cha kioo: unaweza kubadilisha sehemu kubwa ya maji na usipoteze kitu, ila ukisugua mawe na kichujio kwa maji ya bomba umerudi siku ya kwanza.

Tahadhari moja inafaa hapa. Si kweli kwamba maji ya bahari hayana kabisa viumbe wa aina hii. Arkea wa amonia ni wengi sana katika kina kirefu cha bahari. Hata hivyo katika maji ya juu yenye mwanga, ambayo ndiyo mtu huyachota, huwa wachache.

Mfano wa kibuyu unakoma kwenye suala la muda, kwa sababu maziwa huganda kwa siku moja au mbili ilhali tangi hudai wiki kadhaa. Bakteria wa uozo wa kawaida hula vyakula vyenye nguvu tele, na baadhi yao wakiwa katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20. Anayeishi kwa amonia anafanana na mtu anayeishi kwa kuokota chupa za plastiki: kila chupa ina thamani, lakini ni ndogo, na inambidi aokote nyingi mno kabla ya kununua kilo moja ya unga. Zaidi ya hapo, bakteria huyu hapati matofali ya mwili wake kutoka kwenye chakula. Huyafyatua mwenyewe kutokana na kaboni dioksidi, jambo linalomla sehemu kubwa ya kipato chake. Ndiyo maana hugawanyika mara moja kwa saa nyingi, mara nyingi kwa siku nzima au zaidi.

Tuseme tangi limeanza na bakteria 1,000, na kwamba wanaongezeka maradufu kila siku. Siku ya 10 watakuwa takriban milioni 1, na siku ya 20 takriban bilioni 1. Mtu anayepima maji kila jioni haoni chochote katika siku kumi za kwanza, kwa sababu hata milioni moja ni jeshi dogo mbele ya lita 60. Halafu, pale anapokaribia kukata tamaa, amonia hushuka kwa siku mbili tatu kana kwamba mtu ameifungulia mlango. Hakuna kilichobadilika siku hiyo. Hesabu ilikuwa ikienda kimyakimya muda wote.

Kisha kuna zamu ya pili. Kundi la kwanza halimalizi kazi. Huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo zaidi. Kundi la pili haliwezi kustawi kabla la kwanza halijazalisha, kama vile mpika chapati asivyoweza kuwasha jiko kabla mashine haijasaga unga. Kwa hiyo kwenye vipimo vya matone huonekana vilima viwili: kwanza mrija wa amonia hugeuka kutoka manjano kuwa kijani, na unapoanza kurudi manjano, mrija wa nitriti nao hupanda kuwa wa zambarau. Vitabu vya samaki wa maji baridi huiogopa sana nitriti, na kwa haki. Katika maji ya bahari sumu yake ni hafifu zaidi, kwa sababu kloridi iliyojaa majini hushindana nayo katika kuingia kwenye matamvua. Lakini kilima chake bado ni ishara kwamba zamu ya pili haijakamilika.

Sasa kipande cha kamba kinaeleweka: ni mshahara wa wafanyakazi kabla ya kazi yenyewe kufika. Kipande cha gramu 5 kina takriban gramu 1 ya protini, na ndani yake takriban gramu 0.16 za nitrojeni. Kikioza chote katika lita 60, amonia itafika miligramu 3 hivi kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna mwenye huruma angemtia samaki ndani yake. Sebule itanuka kidogo, hilo halikwepeki. Wengine huona heri watie matone ya kloridi ya amonia, na matokeo ni yale yale bila harufu.

Elimu hii si ya jana. Sergei Winogradsky, mtaalamu wa vijidudu, alikwisha kuonyesha mnamo 1890 kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hai na kwamba hufanywa kwa hatua mbili. Kilichochelewa ni kuwajua wahusika walioko ndani ya matangi. Kwa miaka mingi sifa ya hatua ya pili ilipewa bakteria waitwao Nitrobacter, hadi Timothy Hovanec na wenzake walipochapisha mwaka 1998 kwamba katika matangi ya maji baridi waliyoyachunguza kazi hiyo ilikuwa ya bakteria wengine, jamaa wa Nitrospira. Na mwaka 2005 watafiti walitangaza arkea wa kwanza kupatikana peke yake katika maabara akiwa anaunguza amonia. Hawakumtoa kwenye chemchemi ya moto wala vilindini. Walimtoa kwenye changarawe ya tangi la maonyesho huko Seattle. Walimwita Nitrosopumilus maritimus, yaani, kwa tafsiri ya haraka, kibete wa nitriti wa baharini. Baadaye ilibainika kwamba jamaa zake ni miongoni mwa viumbe wengi kuliko wote baharini, na mmoja wao alikuwa akifanya usafi kwenye tangi ambalo watoto wa shule hulipita kila siku.

Kuhusu chupa za bakteria zinazouzwa madukani, ushahidi haulingani. Chupa yenye viumbe sahihi, iliyohifadhiwa vizuri na isiyopitwa na wakati, hufupisha safari; iliyokaa juani kwenye rafu kwa miezi inaweza kuwa maji ya bei ghali. Njia ya zamani ni mawe hai, yaani vipande vya mwamba vilivyokwisha kukaliwa. Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, aliieleza mwaka 1961: mawe, maji ya bahari, na hewa inayobubujika, basi. Naye alikaa karibu na bahari kama mimi, ila yeye alibeba na mawe.

Msomaji wa pwani asikimbilie ufukweni na nyundo kwa sababu hiyo. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hata kombe haliokotwi, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mawe makavu pamoja na konzi ya mchanga au kipande cha sifongo kutoka tangi lililokomaa la rafiki mwenye samaki wazima hufanya kazi ile ile, kwa uvumilivu zaidi.

Udogo wa tangi unaongeza ugumu ambao wengi huutarajia kinyume. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe, lita 600 zitamvumilia; lita 60 hazitamvumilia. Chumvi nayo haipai na maji: lita 60 zenye gramu 35 kwa lita zikipungua hadi 54, kila lita itakuwa na karibu gramu 39, kwa hiyo kinachojazwa ni maji matamu yasiyo na klorini, siyo maji ya bahari. Hilo pia nililikosea, lakini siku zile samaki walikuwa wamekwisha kufa.

Matumbawe huja mwisho, kwa kuwa yanadai taa nzuri, kalsiamu ya takriban miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na maji yasiyoyumba. Tangi langu la pili lilifikisha amonia sifuri siku ya 34 na nitriti siku ya 41. Nilianza na konokono watatu, nikangoja wiki nyingine, ndipo nikatia samaki mmoja. Sifongo ya kichujio sasa huioshea katika ndoo ya maji niliyoyatoa tangini humo humo, na huikamua mara mbili tu.