Kununua ghorofa ya nyumba ya mawe Lamu: yasemwayo na yaliyo kweli

Dalali akikupandisha ngazi za nyumba kongwe ya mtaa wa Mkomani kukuonyesha ghorofa inayouzwa, utaambiwa mengi kabla hamjafika juu. Mengi ni ya kuchuja.

“Nyumba hizi ni za udongo, hazidumu.” Za udongo zipo, nyingi mtaa wa Langoni, za fito na makuti. Lakini za Mkomani ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za karibu nusu mita, na nyingi zilijengwa karne ya 18 na ya 19. Umri si ugonjwa wake.

“Vyumba ni vyembamba kwa sababu mji umebanana.” La, ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko ulionyooka, wenye nguvu ya kubeba dari, huishia kwenye mita tatu hivi, basi chumba hurefuka upande mmoja tu. Anayekuahidi kubomoa ukuta wa kati ili upate sebule pana anakuuzia balaa: ukuta huo ndio unaobeba vichwa vya boriti.

Linalonikera kuliko yote ni hili: “Piga plasta ya saruji, ukuta utakaza.” Tumbawe hufyonza unyevu, kisha huutoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuvika ukuta saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, plasta hufura na kubanduka mapande, na ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza bila mtu kujua. Wewe unaona ukuta laini, mweupe, rangi yake bado inanuka, unadhani nyumba imetunzwa. Omba ngazi, kwangua kidogo pale boriti inapoingia ukutani, kisha chomeka ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye mkate, bei ishuke sana au mwage dalali. Kazi ya chokaa ni ya polepole, hupigwa tabaka kwa tabaka na kukingwa na jua, na fundi anayeijua haji kwa bei ya mchanganya saruji. Mlipe tu.

“Mji ni urithi wa dunia, hata msumari hupigilii.” UNESCO iliuorodhesha mwaka 2001, haikununua nyumba ya mtu. Mali ni ya mwenyewe, ila kabla ya kubadilisha jengo huombwa kibali cha Makumbusho ya Taifa, na cha ujenzi kutoka kaunti.

“Hati ina jina la muuzaji, imekwisha.” Hapa ndipo pesa zinapozama. Nyumba moja huwa imerithiwa mara mbili au tatu: dada kakaa chini, watoto wa kaka juu, shangazi yuko Mombasa na hajauliziwa. Fungu lake hata likiwa dogo, bila sahihi yake hujanunua kitu. Kama mwenye jina amefariki, dai hukumu ya mirathi ya Kadhi yenye majina ya warithi wote. Na kama nyumba ni wakfu, yaani imetolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hata ukoo mzima ukubaliane. Waulize wazee wa mtaa. Wao hujua wakfu kabla ya karatasi.

“Nikinunua ghorofa, nina hati yangu.” Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila ghorofa iwe na hati, lakini lazima ramani ya sehemu zake isajiliwe. Nyumba iliyogawanywa kwa mdomo barazani haina kitu hicho. Kwa asiye raia, Katiba inampa umiliki wa muda tu, usiozidi miaka 99, basi anayemwahidi “milele” anamdanganya.

Kisha kuna dari ya juu. Ikivuja, maji hushuka hadi kwa wa chini, na wa chini atasema dari si yake. Andikeni mapema, mbele ya wakili, nani analipa nini: dari, ngazi, bomba la maji ya mvua, kisima. Na usiende kukagua Januari, kuta zikiwa kavu. Nenda Mei, mvua ya masika ikipiga, ukae chumba cha chini angalau saa moja.