Arcanine: simba aliyegeuka mbwa njiani

Arcanine ni kiumbe namba 59 katika Pokémon, michezo ya video ya Kijapani. Ana umbo la mbwa mkubwa, rangi ya machungwa yenye michirizi myeusi, na manyoya mengi ya rangi ya maziwa kichwani, kifuani na mkiani. Aina yake ni moto. Huanza akiwa kijibwa kiitwacho Growlithe, namba 58, kisha hugeuka Arcanine mchezaji anapompa Jiwe la Moto. Wote wawili wamekuwamo tangu michezo ya kwanza ya Pokémon, iliyotoka mwaka 1996 kwa Game Boy, kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo.

Sasa, mbwa huyu singa za simba kazitoa wapi?

Nenda kwenye milango ya mahekalu ya Asia ya Mashariki. Uchina haikuwa na simba wa porini. Dini ya Buddha ilipoingia kutoka India, ilikuja na simba kama mlinzi wa mambo matakatifu, na simba hai wachache walipelekwa kama zawadi kwa wafalme wa Uchina wa ukoo wa Han katika karne ya 1. Wachongaji wengi hawakuwahi kumtia mnyama huyo machoni. Walichonga walichosimuliwa: singa zikawa vifundo vilivyojisokota, uso ukawa bapa, macho yakatoka. Mtu aliyewahi kumwona simba wa Serengeti angeapa kwamba hilo ni jibwa, na wala asingekosea sana. Sanamu hizo zilipofika Japani kupitia Korea, Wajapani waliziita komainu, yaani mbwa wa Koma, jina la kale la ufalme mmoja wa Korea.

Komainu hukaa wawili, mmoja kila upande wa njia ya kuingilia. Mmoja kaachama, mwingine kafumba mdomo. Yule wa kwanza anatamka “a”, wa pili “un”: sauti ya mwanzo na ya mwisho, mambo yote yakiwa katikati. Kazi yao ni kuzuia pepo wabaya wasipite.

Growlithe naye ni mlinzi hata kwa jina. Kijapani anaitwa Gādi, kutokana na neno lilelile la Kiingereza lililotupa sisi “gadi”. Arcanine anasifiwa zaidi kwa mbio; maelezo ya michezo yanadai anaweza kukimbia kilomita 10,000 kwa mchana na usiku mmoja. Chumvi hiyo, lakini inapendeza.

Hadi hapo mtu angeweza kubisha kwamba huyu ni mbwa tu. Kwangu mimi ubishi uliisha Januari 2022, ulipotoka mchezo wa Pokémon Legends: Arceus. Umo katika nchi ya kale iitwayo Hisui, iliyoigwa kutoka Hokkaido, na Growlithe wa huko ni wa moto na mwamba pamoja: sanamu ya jiwe iliyopata uhai. Maelezo yake yanasema hulinda eneo lao wakiwa wawili wawili. Tena kichwani ana kipembe cha jiwe. Asiyejua ataona ni pambo tu, kumbe katika sanamu za kale za Japani yule aliyefumba mdomo ndiye aliyekuwa na pembe, na kwa desturi ya zamani huyo peke yake ndiye aliyeitwa komainu. Mwenzake aliyeachama, asiye na pembe, alibaki kuitwa simba.