Suruali, Barua na Daraja: Gereza Linavyomshika Mfungwa wa Kisiasa

Wanaoniuliza kuhusu wafungwa wa kisiasa huanza na kipigo. Mimi kazi yangu ni kanuni za magereza, na huwaanzishia kwenye suruali.

Gereza la kisiwa cha Robben Island, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, miaka ya 1960: Mhindi alipewa suruali ndefu, Mwafrika kaptura. Ahmed Kathrada, mwenye asili ya Kihindi, na Nelson Mandela walihukumiwa pamoja kifungo cha maisha mwaka 1964. Kathrada akavaa ndefu. Mandela, aliyemzidi umri kwa miaka 11, akavishwa kaptura kama mtoto. Mkate nao Mwafrika hakupewa.

Kisha kulikuwa na madaraja, A hadi D. Mfungwa wa kisiasa alianzia D, la chini kabisa: barua moja na kutembelewa mara moja kila baada ya miezi 6. Barua isizidi maneno 500, iwe ya mambo ya familia tu, na mkaguzi asiporidhika na sentensi huikata kwa wembe, karatasi ikafika ina matundu. Naiona silaha hii kali kuliko kiboko. Hakuna haja ya kukugusa: ukibishana na askari, daraja halipandi, na mtoto wako anakaa nusu mwaka mwingine bila neno lako.

Ndiyo maana wafungwa hupigania vitu ambavyo sisi wa nje tunaviona vidogo. Ireland ya Kaskazini, serikali ya Uingereza ilipofuta hadhi maalumu ya wafungwa wa aina hii mwaka 1976, mfungwa Kieran Nugent alikataa sare ya gereza akajifunga blanketi. Wengine wakamfuata. Mwaka 1981 mgomo wa kula uliua wafungwa 10, wa kwanza Bobby Sands, aliyechaguliwa kuwa mbunge akiwa bado kwenye mgomo. Miongoni mwa madai yao 5: tusivae sare.

Askari naye hubanwa na wakubwa hao hao. Mandela alisimulia kwamba wakati wafungwa wa Robben Island waligoma kula mwaka 1966, askari nao walisusia chakula chao. Uongozi ulimalizana na askari kwanza, ndipo ukawageukia wafungwa.

Leo kuna Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Zinakataza kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinasema adhabu ya nidhamu isiwe kumkatia mfungwa mawasiliano na familia. Yanaweza kupunguzwa tu, kwa muda maalumu, usalama na utulivu vikilazimu. Kwa hiyo ndugu akirudishwa getini, adai kwa maandishi: ni kwa sababu gani, na mpaka lini?