Ofa ya "hole in one": kwa nini mwenye bahati ndiye anayelipa

Mchezaji gofu anaweka mpira pa kuanzia, anapiga mara moja tu, na mpira unatua, unabiringika, unatumbukia shimoni. Hiyo ndiyo "hole in one". Mara nyingi hutokea kwenye mashimo mafupi, yale ya par 3, ambayo mchezaji anategemewa kuyamaliza kwa mapigo matatu. Kwa mchezaji wa kawaida, makadirio yanayotajwa sana ni mara moja katika majaribio 12,500 hivi. Wengi huzeeka na fimbo zao bila kuionja.

Ungedhani siku hiyo wenzake ndio watakaomnunulia kinywaji. Wapi! Desturi inasema yeye ndiye atoe ofa. Mchezo ukiisha, kundi linaelekea baa ya klabu, ambayo wacheza gofu huitania kuwa ni shimo la 19, maana uwanja wenyewe una 18, na bili yote ni ya kwake. Iwe bia, wiski au soda, hakuna anayeuliza.

Anamnunulia nani hasa? Hapo klabu hutofautiana. Kwingine ofa inaishia kwa wale watatu aliocheza nao, kwingine ni kila aliyemo baa. Jumanne asubuhi hilo halina uzito. Jumamosi ya mashindano, baa ikiwa imefurika, habari husambaa haraka kuliko mhudumu anavyofungua chupa. Ndiyo maana zipo klabu ambazo wanachama huchangia kidogo kidogo kwenye mfuko maalumu wa kulipia siku kama hiyo.

Mbahili anaweza kujiambia: basi nicheze peke yangu. Lakini hole in one bila shahidi ni hadithi tu. Mwaka 1973, Gene Sarazen, bingwa wa zamani wa gofu kutoka Marekani, akiwa na miaka 71, aliipata kwenye shimo la 8 la uwanja wa Royal Troon, Scotland, katika mashindano ya wazi ya Uingereza, mbele ya umati. Hakuna wa kumbishia. Wewe uliyekuwa peke yako alfajiri, nani atakuamini? Unawahitaji watu walioona, na walioona wana kiu. Kwangu mimi, huo ndio utamu wa desturi hii.

Japani jambo hili limekua hadi likawa mzigo. Huko soda na bia hazitoshi: mwenye bahati hutarajiwa kuandaa karamu, kuwapa marafiki zawadi za kumbukumbu, kumpa bahashishi kedi, yule anayembebea fimbo, pengine hata kugharamia mti wa kupandwa uwanjani. Gharama hufika laki kadhaa za yeni. Kwa hiyo wacheza gofu wengi hukata bima. Ndiyo, bima ya kujikinga na bahati njema! Unalipa ada ndogo kwa mwaka, na siku mpira ukiingia, kampuni inakurudishia ulichotumia kwenye sherehe.

Ila nayo haitoi pesa kwa maneno matupu. Inataka risiti, na inataka ushahidi. Wenzako uliocheza nao peke yao kwa kawaida hawatoshi, maana nao ni wageni wa karamu hiyohiyo. Atafutwe kedi, mfanyakazi wa uwanja, au video inayoonyesha mpira ukiingia.