Askari 11 wa Ghuba ya Hansa: walivyotafutwa kwa karibu miaka 80

Wageni wa makumbusho hupenda kuuliza kuhusu mashine: ndege iliyozama vitani inapatikanaje chini ya bahari? Huwa nawaambia tuanze na karatasi.

Machi 11, 1944, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu aina ya B-24, iliyopewa jina Heaven Can Wait, iliruka kutoka Nadzab, kwenye kisiwa cha New Guinea kaskazini mwa Australia, kwenda kushambulia ngome za Wajapani kwenye Ghuba ya Hansa. Ndani walikuwamo askari 11. Wenzao waliokuwa kwenye ndege za jirani waliona moto ukitoka kwenye tumbo la ndege, mahali pa kubebea mabomu, na kukimbilia mkiani. Ndege ikainua pua ghafla, ikalalia kushoto, ikapiga maji. Ndege nyingine zilizunguka pale zikitafuta manusura. Hakuonekana hata mmoja.

Waliorudi kambini walieleza walichokiona, na maelezo yao yakaingia kwenye ripoti ya ndege iliyopotea. Jeshi la anga la Marekani lilianza kutumia fomu hiyo mwaka 1943, na kwa macho ya mtafiti wa leo ni hazina. Ina majina na vyeo, mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho, hali ya hewa, namba za injini, hata namba za bunduki zilizofungwa ndani yake. Karani aliyepiga chapa namba hizo pengine alichoka nazo. Bado sijaona kazi ya ofisini yenye faida kuliko hiyo.

Baada ya vita jeshi liliwatafuta kwenye pwani ile bila mafanikio, na mwaka 1950 likaamua kwamba hawawezi kupatikana. Majina yao yakabaki kwenye kuta za waliopotea katika makaburi ya Wamarekani jijini Manila, Ufilipino, penye majina zaidi ya 36,000.

Mwaka 2013 jamaa za mmoja wao walianza kukusanya barua, picha na ripoti za kijeshi. Utafiti wao ndio ulioipa timu ya Project Recover, shirika la Marekani linalotafuta askari waliopotea vitani, mahali pa kuanzia. Oktoba 2017 timu hiyo ilipeleka sona, chombo kinachochora sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti, ikaipata ndege katika kina cha zaidi ya mita 60. Magazeti yaliisifu sona. Sawa, lakini sona isiyojua pa kuelekezwa ingechora matope miaka nenda miaka rudi.

Kina hicho si cha mzamiaji wa kawaida. Mwaka 2023 wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani walikaa siku kadhaa ndani ya chumba chenye mgandamizo sawa na ule wa chini, wakiteremshwa kazini na kurudishwa humo humo, ili mwili usilazimike kuzoea upya kila wanapopanda. Mchanga ulichujwa kutafuta mifupa na meno.

Maabara hulinganisha meno na kumbukumbu za daktari wa jeshi, kisha hupima vinasaba. Hapa familia nyingi hushangaa. Vinasaba vya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, hurithiwa kwa mama, kwa hiyo mtoto wa kumzaa wa askari hafai kwa kipimo hicho: yeye amebeba vya mama yake. Anayefaa ni ndugu wa tumbo moja, au mtoto wa dada, au mjukuu wa dada huyo kwa upande wa binti. Vipo vipimo vingine vya upande wa baba, ila mfupa uliolowa maji ya chumvi kwa miongo mara nyingi huwa na vinasaba vilivyoharibika, na vya mitokondria, kwa wingi wake katika seli, ndivyo huelekea kusalimika.

Kwa njia hizo, askari wanne kati ya wale 11 wametambuliwa na kukabidhiwa kwa familia zao. Kila anayetambuliwa, jina lake kule Manila huwekewa ua dogo la shaba pembeni. Halifutwi ukutani.