Eti kizuri chajiuza: dhana kuhusu mwandishi wa upelelezi anayenadi kitabu kipya

Riwaya ya upelelezi ni bidhaa ngumu kuinadi. Muuza gari atakufungulia boneti uione injini. Mwandishi wa hadithi ya mauaji hathubutu, kwa sababu kitu chake bora kuliko vyote, yaani nani kaua, vipi na kwa nini, ndicho asichoweza kukitamka. Kila unapomwona akihojiwa redioni au akisaini nakala kwenye uzinduzi, anajisifia mali huku amefumba mdomo nusu. Wengi wetu hatulioni hilo, na ndiyo maana yanayosemwa juu ya waandishi hawa kitabu kinapotoka mara nyingi hayana mguu wa kusimamia.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza"

Methali hii naiheshimu, lakini aliyeitunga hakuwahi kuchapisha riwaya. Aprili 2013 ilitoka Uingereza riwaya ya upelelezi iitwayo The Cuckoo's Calling, ya mtu asiyejulikana, Robert Galbraith, aliyetambulishwa kama mwanajeshi wa zamani. Wahakiki walioisoma waliisifu. Hata hivyo, kwa takriban miezi mitatu nchini humo ziliuzwa nakala kama 1,500 tu za jalada gumu. Julai gazeti la Sunday Times likafichua kwamba Galbraith ni J.K. Rowling, mtunzi wa vitabu vya Harry Potter, na ndani ya muda mfupi kitabu kikarukia kileleni mwa orodha za mauzo. Hadithi ilikuwa ileile na muuaji yuleyule. Kilichobadilika ni jina ambalo msomaji alikuwa na sababu ya kulifuata.

Tuwe wakweli lakini: nakala 1,500 za jalada gumu kwa mtu asiyefahamika si aibu. Waandishi wengi wapya wangezipokea kwa mikono miwili. Ila zinaonyesha kitabu kizuri hufika wapi kikiachwa kitembee peke yake.

"Kunadi ni kazi ya mchapishaji"

Ni yake, kwa kiasi. Mchapishaji ana vitabu vingi msimu mmoja, na fedha ya matangazo huelekezwa kwa vile vichache alivyoviwekea dau. Vilivyobaki hupewa barua pepe kwa wahakiki, nafasi kwenye katalogi na dua.

John Grisham alikuwa wakili na mbunge wa jimbo la Mississippi alipotoa riwaya yake ya kwanza, A Time to Kill, mwaka 1989. Mchapishaji wake mdogo alichapa nakala 5,000. Grisham akanunua 1,000 kwa fedha yake, akazipakia garini na kuzunguka nazo kwenye maduka ya vitabu na maktaba. Hakutajirika. Jina lilikuja na kitabu cha pili, The Firm, mwaka 1991, na hapo ndipo watu waliporudi nyuma kukitafuta kile cha kwanza. Kwa hiyo anayekucheka kwa kubeba nakala zako kwenye begi, mwache acheke.

"Kampeni huanza siku kitabu kinapotoka"

Siku hiyo kazi kubwa imeshaisha. Miezi kadhaa kabla, nakala za awali, ambazo bado zina makosa ya uchapaji, zimeshatumwa kwa wahakiki, wauza vitabu na waandishi wenzake ili maoni yawe tayari. Na yule mwandishi anayekusihi uweke oda mapema si mtu wa pupa. Oda zilizowekwa kabla ya kutoka kwa kawaida huhesabiwa kwenye mauzo ya wiki ya kwanza, na wiki hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kukiingiza kitabu kwenye orodha. Duka likiona oda nyingi, nalo huagiza nakala zaidi. Hata siku yenyewe haichaguliwi ovyo: Marekani vitabu vingi hutoka Jumanne, Uingereza Alhamisi.

"Zogo lolote ni faida"

Anayeamini hivi asimuliwe habari za Edgar Wallace. Mwaka 1905 Wallace, mwandishi wa habari jijini London, aliandika The Four Just Men, hadithi ya waziri anayetishiwa kuuawa na kweli akauawa ndani ya chumba kilichofungwa na kuzungukwa na polisi. Hakupata mchapishaji wa kumridhisha, akakichapisha mwenyewe. Halafu likamjia wazo ambalo leo tungeliita la kibingwa: kitabu kitoke bila ufumbuzi, na wasomaji watakaobaini mbinu ya mauaji wagawane zawadi za jumla ya pauni 500. Akajaza matangazo kila mahali. Watu wakanunua, wakapiga bongo, wakatuma majibu.

Tatizo lilikuwa kwenye masharti ya shindano. Wallace hakuweka kikomo cha idadi ya washindi. Kila aliyepatia alikuwa na haki ya kudai zawadi kamili, na waliopatia hawakuwa wachache. Kitabu kiliuzwa vizuri, lakini deni likayala mauzo na kuendelea kula. Miezi ikapita bila majina ya washindi kutangazwa, watu wakaanza kunong'ona kuwa wametapeliwa. Ikabidi akope kwa mwajiri wake, Alfred Harmsworth, mmiliki wa Daily Mail, ili kunusuru jina lake na la gazeti.

Wallace alikuja kuwa mmoja wa waandishi waliouzwa sana zama zake, kwa hiyo usimlilie. Mimi hunivutia jambo moja: kwenye karatasi za hadithi alikuwa hodari wa kuziba kila tundu, chumba kizima akakifunga kisipenyeke, ila tangazo lake mwenyewe akaliacha na tundu la kupita tembo.

"Hawa hujitengenezea vituko ili wauze"

Mfano unaotajwa siku zote ni Agatha Christie, mtunzi Mwingereza wa riwaya za upelelezi. Usiku wa Desemba 3, 1926 aliondoka nyumbani kwake, gari lake likakutwa limetelekezwa, nchi ikamsaka kwa siku 11. Akapatikana kwenye hoteli mjini Harrogate, amejiandikisha kwa jina la ukoo la Neele, ambalo ndilo jina la mwanamke ambaye mumewe alikuwa na uhusiano naye. Wengi wakasema papo hapo: janja ya kuuza vitabu.

Tazama yaliyotangulia. Mwaka huohuo mama yake alifariki, na mumewe akamwambia anataka talaka. Tazama na yaliyofuata: anayetaka kuuza kisa hukisimulia. Christie alikizungumzia kwa nadra sana, na tawasifu yake iliyotoka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inaziruka siku hizo kama hazikuwahi kuwapo. Ajuaye kilichompitikia rohoni ni yeye peke yake, lakini kwa janja ya soko, huo ni ukimya wa ajabu.

Na hapohapo nimalizie dhana ndogo ya "anayeandika mauaji ana roho ya kuua", swali lisilokosekana kwenye uzinduzi. Christie alizijua sumu kwa sababu alifanya kazi kwenye chumba cha dawa hospitalini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Basi.

"Mwandishi akiongea sana ataharibu utamu"

Mwandishi mzoefu haharibu. Ana eneo lake salama: mazingira ya hadithi, kazi ya mpelelezi wake, jinsi alivyofanya utafiti, tukio lililomwasha wazo. Akiombwa kusoma kipande mbele ya watu, huchagua kurasa za mwanzo, maiti ikishaonekana lakini washukiwa bado wamejipanga mstari. Maandishi ya nyuma ya jalada nayo, yakiandikwa kwa ustadi, hayapiti sehemu ya mwanzo ya kisa.

Uharibifu huja kwa njia ambayo watu huidhani ya heshima. Ni ile sentensi: "Mwishoni kuna geuko ambalo hutalitegemea kabisa." Aliyeisema anadhani amekulinda, kwa vile hakutaja jina la mtu. Kumbe amekupokonya. Tangu ukurasa wa kwanza utamshuku kila mhusika mpole, hutakubali kifo cha yeyote mpaka uione maiti, na ule usingizi ambao mwandishi alikuandalia kwa kurasa mia mbili hutaulala. Binafsi ningeipiga marufuku kwenye majalada. Wachapishaji hawatanisikia, kwa sababu inauza.

Kuhusu zile sifa fupi za waandishi wengine zinazobandikwa mbele ya jalada, dhana ni kwamba zimelipiwa. Kwa desturi hazilipiwi. Ila angalia mara nyingine kama msifiaji na msifiwa hawana mchapishaji mmoja au wakala mmoja.

"Mwandishi asipoonekana, kitabu hufa"

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo imepata nguvu tangu waandishi walipoanza kuambiwa lazima wawe mtandaoni kila siku. Wapo wanaotumia saa nyingi kwenye video fupi kuliko kwenye sura inayofuata. Stieg Larsson wa Uswidi alimkabidhi mchapishaji miswada mitatu ya riwaya za uhalifu, akafariki Novemba 2004, kabla hata ya kimoja kutoka. Cha kwanza kilichapishwa 2005, na mfululizo huo ukauzwa makumi ya mamilioni ya nakala duniani. Mchapishaji alikinadi, watafsiri wakakivusha, wasomaji wakaambiana. Mwenyewe hakusaini nakala hata moja.