Mkimbiaji wa Masafa Marefu Asiiogope Sahani ya Wali

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wakimbiaji wa hapa Dar es Salaam linahusu unga wa protini: upi ni mzuri, unywewe saa ngapi, na kama asiyemudu kuununua anaweza kushindana. Huwa naliweka kando mpaka nijue mtu huyo alikula nini jana, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku, kwa sababu miaka yangu katika lishe ya michezo imenionyesha kwamba wengi wanapungukiwa na kitu cha kawaida zaidi, yaani wanga. Walianza kukimbia ili wapunguze uzito, wakaambiwa kwamba ugali na wali ndio adui, na sasa wanajiandaa kwa kilomita 42 huku wakiendelea na masharti yale yale ya kupunguza mwili. “Dokta, mimi ugali wa usiku niliacha kabisa,” huniambia kwa fahari, na muda si mrefu huongeza kwamba kila Jumapili, ikifika kilomita ya 25, miguu inakataa.

Sababu ya miguu kukataa inajulikana. Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni; mtu mzima aliyekula vizuri huwa na takribani gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na gramu 80 hadi 100 kwenye ini, na akiba hiyo hutosha kwa dakika 90 hadi saa mbili hivi za kukimbia kwa bidii. Mafuta ya mwilini hayamwishii hata mkimbiaji mwembamba, lakini hugeuzwa kuwa nishati polepole mno, hivyo glaikojeni ikikauka hakuna njia isipokuwa kupunguza kasi. Ini nalo likiishiwa, sukari ya damu hushuka, na hapo mtu huona kizunguzungu, hutetemeka, na hata hesabu ya kilomita zilizobaki humshinda. Watafiti wa Sweden walilithibitisha jambo hili miaka ya 1960 kwa kuchukua vipande vidogo vya misuli ya watu waliokuwa wakiendesha baiskeli za maabara. Kazi waliyochapisha mwaka 1967 ilionyesha kwamba mtu yule yule alidumu muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka alipokuwa amekula wanga kwa wingi kuliko alipokuwa amekula mafuta na protini. Anayedhani kwamba hayo ni ya maabara tu awatazame majirani zetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa kiwango cha juu wa Kenya ulikuta kwamba robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, takribani gramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na vyakula vilivyoongoza vilikuwa ugali na sukari ya kawaida, ile tunayotia kwenye chai.

Mwongozo tunaoufuata humpa anayefanya mazoezi ya saa moja hadi tatu kwa siku gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Nina mizani ya jikoni mezani pangu, na huwaomba watu waje na chakula chao cha mchana kama walivyokipakua nyumbani. Dada mmoja mwenye kilo 60 alifungua hotipoti yake tukapima: wali gramu 180, maharage vijiko vitatu, na kachumbari iliyofunika vyote viwili. Wali uliopikwa una takribani gramu 28 za wanga katika kila gramu 100, kwa hiyo wali wake wote ulimpa gramu 50, ilhali kwa mazoezi aliyokuwa akiyafanya alihitaji zaidi ya gramu 400 kwa siku. Sikumwambia ale kilo moja na nusu ya wali. Tuliuongeza wali ule mara mbili, tukarudisha uji wenye sukari asubuhi, tukaweka ndizi mbivu mbili mara tu baada ya mazoezi, muhogo wa kuchemsha saa kumi jioni, na ugali wa usiku ukarudi mahali pake. Protini alikuwa nayo karibu ya kutosha kutokana na maharage, samaki na maziwa. Mkimbiaji anahitaji gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku, na kiasi hicho hupatikana sokoni bila kopo lolote. Kwa wanaoshindana ngazi ya taifa naongeza onyo moja: kwa kanuni za kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, mwanariadha hubeba mwenyewe dhamana ya chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kiliingia kupitia kopo ambalo lebo yake haikukitaja.

Siku mbili za mwisho kabla ya mbio ndefu, kiasi cha wanga hupanda hadi gramu 10 au 12 kwa kilo, na hapo hubadilisha pia aina ya chakula, kwa kupunguza maharage, mboga za majani na dona ili tumbo lisibebe makapi mengi, na kuweka wali mweupe, mkate mweupe, viazi na juisi. Uzito ukipanda kilo moja au mbili mtu asishtuke, kwani kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takribani gramu tatu za maji. Ninachosikitika kukiona ni pilau la mafuta mengi na mishkaki usiku wa kuamkia mbio. Ni chakula cha kusherehekea, na sherehe ingefaa kungoja hadi jioni ya kesho yake.

Njiani, mbio zinazozidi saa moja hivi zinataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na zinazozidi saa mbili na nusu zinaweza kufika gramu 90, mradi glukosi ichanganywe na fruktosi, kwa kuwa sukari hizi mbili hupita ukuta wa utumbo kwa milango tofauti. Sukari ya mezani tayari ni nusu kwa nusu ya hizo mbili. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48. Wengi ninaowahudumia hukaa barabarani saa nne au tano, na bado hudhani kwamba kula njiani ni kazi ya mabingwa. Anayechelewa kufika ndiye anayehitaji kubeba zaidi. Tende ndogo nne hutoa takribani gramu 20, ndizi moja ya wastani gramu 25 hivi, na lita moja ya maji yenye gramu 60 za sukari na robo ya kijiko cha chai cha chumvi hufanya kazi ya vinywaji vingi vya dukani. Tumbo nalo hufundishwa: ambaye hajawahi kula akikimbia aanze na gramu 20 kwa saa katika mbio zake za Jumapili, apandishe wiki hadi wiki, na asijaribu kitu kipya siku ya mashindano.

Jasho la pwani lina hesabu yake. Januari na Februari, hata kwa anayeanza saa kumi na moja alfajiri pale Coco Beach kuelekea Daraja la Tanzanite, joto limeshapita nyuzi 25 na hewa imejaa unyevu, hivyo jasho hutiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Huwaomba wakimbiaji wajipime bila nguo, wakiwa wameshakwenda haja ndogo, kabla na baada ya mazoezi. Aliyeanza na kilo 62.0, akamaliza na 60.4 baada ya dakika 90, akiwa amekunywa nusu lita, ametoa jasho la lita 2.1, yaani lita 1.4 kwa saa, na amepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito, kiwango ambacho kasi huanza kudhurika. Hata hivyo simwambii arudishe kila tone. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, iliyoshuka chini ya kiwango salama. Dalili iliyohusiana nayo zaidi ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kupita walichotoa. Hali hiyo inaweza kuua. Anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa mno. Madafu tunayoyapenda, na mimi nayapenda, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo baada ya jasho jingi yaende pamoja na kitu chenye chumvi.

Ramadhani huhamisha saa na kuacha mahitaji palepale. Kwa wanaofunga napendekeza mbio nyepesi, fupi, zinazomalizika karibu na magharibi, na mazoezi mazito saa mbili hivi baada ya futari. Futari ya mkimbiaji ianze na tende, maji na uji. Magimbi au muhogo wa nazi yafuate kwa kiasi, na bajia zingoje, kwa kuwa mafuta hukawiza tumbo kujitua. Daku isirukwe.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wasichana wanaofanya mazoezi mara mbili kwa siku na kula kama watu wanaokaa ofisini. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliieleza mwaka 2014 hali ya mwanariadha kukosa nishati ya kutosha, ambayo huwapata wanaume pia: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa nyufa, maradhi madogo hayaishi. Hedhi iliyokatika miezi mitatu kamwe isisifiwe kuwa ni dalili ya mazoezi kukolea. Apelekwe kwa daktari, na chakula kiongezwe kuanzia leo. Pamoja na hayo huomba kipimo cha wingi wa damu na cha akiba ya madini ya chuma, kwa sababu uchovu wa upungufu wa damu hufanana sana na uchovu wa mazoezi, na hapa kwetu malaria na minyoo huongeza mzigo. Vidonge vya madini ya chuma navishauri baada ya majibu tu. Chakula huanza mapema zaidi: maini, dagaa, mchicha na maharage, pamoja na chungwa, embe au limau katika mlo huo huo, na chai ya rangi isogezwe angalau saa moja mbali na mlo, kwani huzuia madini hayo kufyonzwa. Baada ya miezi mitatu hivi tunarudia kipimo, na mizani ya jikoni inarudi mezani.